Kidonge cha Tani Mia Tano

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa idara ya sayansi kastaafu! Kaondoka na kikombe chake na ua la plastiki. Kiti cha kuzunguka kakiacha. Nimekikalia wakati wa mapumziko, mlango nimeufunga. Kinanienea.

Wagombea tuko wawili. Mimi wa fizikia, na Madam wa kemia. Huyu wa kemia ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tumbo moja. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwombea kazi hapa. Mtu hujichongea hivi hivi.

Mkuu wa shule katangaza kwamba Mama Mkaguzi atakuja Jumatano ya wiki ya tatu. Atakaa nyuma ya darasa la kila mmoja wetu, kisha atapendekeza jina. Mimi atanikuta kidato cha pili, kwenye viambishi vya vipimo: kilo, mega, giga, mili, mikro na ndugu zao. Mada nyepesi kama unyoya. Ukiona kilo, zidisha kwa elfu. Ukiona mili, gawanya kwa elfu. Basi!

Nikaanza leo leo. Nikauliza kilomita moja ina mita ngapi. Mmoja akasema inategemea barabara. Mwingine akasema kilo ni ya nyama na sukari, kwenye barabara imeingiaje? Binti wa dawati la mbele, ambaye wenzake wanamwita Kidole kwa sababu kidole chake hakishuki, akataka kujua nani alizipanga hizo elfu na alikuwa na haraka gani. Kijana wa dawati la nyuma alikuwa amelala. Jina lake wanafunzi walishalisahau. Wanamwita Godoro.

Nyumbani nikamweleza mke wangu habari ya kiti. Akasema, huku uzi uko mdomoni, kwamba atatushangilia wote wawili. Nikamwambia hakuna mpira wa namna hiyo. Akarudi kwenye cherehani.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: wimbo! Nimeutunga bafuni. Sauti ilivyokuwa inarudi kutoka kwenye vigae, nilijiogopa mwenyewe.

Nikauimba darasani. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, wakapiga madawati. Mara ya tatu jengo zima likatingishika, nami nikapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikasimama. Nikajiona nimekalia kiti.

Mchana nikawasikia wanaimba wenyewe kwenye bomba la maji. Nikasogea, moyo umejaa. Sauti tamu, mdundo safi. Maneno: kilo, mega, giga, Mwalimu ana njaa. Mili, mikro, nano, suruali imemkaba.

Suruali hainikabi. Inanishika.

Jumatano, 5 Machi

Sauti imekwenda. Nikifungua mdomo unatoka upepo. Mkuu kaniona namwandikia kwenye kiganja, akaamua shemeji anishikie kipindi kimoja.

Shemeji! Darasani kwangu! Nikajibanza dirishani nimwone anavyoniiba. Hakuiba kitu. Aliwaambia wasome kimya, akakaa akasahihisha madaftari ya kemia mpaka kengele. Hakutamka hata neno moja la vipimo. Nikafurahi sana. Kisha nikakasirika. Kumbe darasa langu halina hata cha kuibwa?

Ijumaa, 7 Machi

Sauti imerudi nusu. Mbinu ya pili: majina. Kila mwanafunzi awe kiambishi! Mtu hasahau jina lake. Kijana mnene kuliko wote nikamwita Giga. Binti mdogo kuliko wote, Nano. Kidole nikamwita Kilo. Akauliza kwa nini si Mega. Godoro nikamwita Mikro, hakuamka.

Mpaka saa nane walikuwa wanaitana uwanjani kwa majina hayo. Nikatembea mikono nyuma, kama mtu mwenye kiwanda.

Saa tisa, mama yake Giga getini. Anahema. Anataka kumwona huyo aliyempima mwanawe, na alimpima kwa mizani gani, na kwa ruhusa ya nani. Nyuma yake baba yake Nano. Yeye hakupiga kelele. Alisema taratibu tu kwamba mtoto wake si mdudu. Hiyo ya taratibu iliniuma zaidi.

Mkuu kaniita. Mbinu imefutwa. Nimeambiwa nifundishe kama watu.

Jumatatu, 10 Machi

Sawa. Kama watu. Mbinu ya tatu: ukali.

Nimegundua ugonjwa ulipo. Ni herufi! Watoto hawa wanaandika M yoyote inayowajia. Leo nikasimama juu ya kiti, nikanguruma kwa nusu sauti niliyobaki nayo. M kubwa ni mega, mara milioni! m ndogo ni mili, sehemu ya elfu! Atakayechanganya atakwenda kwenye kona auombe ukuta msamaha.

Kona ilijaa. Ukuta uliombwa msamaha mpaka rangi ikabanduka. Wakaandika tena na tena, wakakunjua vidole, wakaandika. Walichoka, walinichukia, waliandika.

Kipindi kinakwisha, Kidole kanyoosha. Kasema, sasa ameona kwamba kutoka m ndogo hadi M kubwa ni mara bilioni moja, kwa hiyo mtu akikosea herufi moja tu anaweza kuharibu dunia. Nikamwambia asijifanye mjuzi. Akakaa. Giga naye akasema hatasahau herufi hizo mpaka anazikwa.

Maneno tu. Tutaona kwenye mtihani.

Jumatano, 12 Machi

Nimetunga mtihani. Nimeuchapa mwenyewe. Katibu wa shule alijitolea, lakini huyo anakunywa chai na shemeji kila siku. Siwezi kumkabidhi adui silaha.

Kuchapa nako si mchezo. Nilitafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Kidonge cha maumivu, uzito wake mia tano, kizio. Sarafu, unene wake mbili, kizio. Kupepesa jicho, muda wake mia tatu, kizio. Badilisha kuwa gramu, mita na sekunde. Vitu vya kila siku! Nikavipanga kwenye jedwali, kila kitu kisanduku chake.

Kompyuta ya shule nayo ina adabu zake. Ninapiga herufi ndogo mwanzoni mwa kisanduku, yenyewe inaipandisha kuwa kubwa. Mg. Mm. Ms. Mwanzoni nilishtuka. Kisha nikaona imependeza, kila kisanduku kimesimama wima kama askari. Nikaiacha. Mtihani wa mtu anayestahili kiti lazima uonekane hivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Siwezi kuandika.

Wamefanya mtihani asubuhi. Nimekaa kusahihisha nikiwa na kalamu nyekundu na matumaini. Karatasi ya kwanza ni ya Kidole. Kidonge: gramu milioni mia tano. Nikafuta miwani. Gramu milioni mia tano! Hizo ni tani mia tano! Kidonge hicho kinashushwa na winchi! Sarafu yake ina unene wa kilomita elfu mbili. Jicho lake linapepesa kwa sekunde milioni mia tatu. Nimepiga hesabu: miaka tisa na nusu. Mtu anafumba jicho akiwa shule ya msingi, analifumbua ana ndevu!

Chini kabisa kaandika kwa mwandiko wake ule wa kunyooka: Mwalimu, naona kidonge hiki ni kizito sana, lakini nimefuata herufi kama ulivyotufundisha. Ufidhuli! Sifuri.

Karatasi ya pili, tani mia tano. Ya tatu, tani mia tano. Giga, tani mia tano. Nano, mtoto mdogo kama yule, tani mia tano! Darasa zima, kama vile wamekula njama. Sifuri, sifuri, sifuri. Kalamu nyekundu imekwisha wino nikamalizia na ya bluu.

Nimefundisha nini wiki mbili hizi? Nimeimbia nani? Nimepasua koo kwa ajili ya nani?

Karatasi ya mwisho ni ya Godoro. Nikaifungua kama mtu anayefungua mlango wa choo cha stendi. Kidonge: gramu 0.5. Sarafu: mita 0.002. Kupepesa: sekunde 0.3.

Vyote sahihi! Godoro! Kumbe anapolala anasikiliza!

Jumamosi, 15 Machi

Nimeshinda kitandani, uso ukutani. Mke wangu kaja mara kadhaa kugusa paji la uso. Hakuna homa. Kuna tani mia tano.

Mchana shemeji kaja kumtembelea dada yake. Kanichungulia mlangoni. Kasema kwa upole, "Shemeji, pole. Nasikia mtihani haukwenda vizuri. Nipe hizo karatasi niziangalie na mimi. Macho mawili mapya yanasaidia."

Macho mawili mapya! Nikavuta shuka, nikamwambia karatasi ziko shuleni. Zilikuwa chini ya mto. Nilizisikia zikikwaruza kila nilipopumua. Na yeye alizisikia, maana aliutazama mto kwa muda, kisha akasema, "Haya shemeji, ukizipata niambie."

Wakaenda sebuleni wakacheka. Sijui walichekea nini. Nadhani najua.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudisha karatasi. Nimesoma sifuri zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, ili aibu iwaingie. Giga alisimama kutaka kuuliza kitu kuhusu M. Nikamwambia anayebishana na sifuri ataongezewa nyingine. Akakaa. Nano alilia bila sauti, machozi yakalowesha kona ya karatasi.

Kidole hakulia. Aliitazama karatasi yake, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya daftari. Kipindi kizima kidole chake hakikupanda. Hata nilipouliza swali jepesi. Hata nilipokosea tarehe ubaoni.

Utulivu wa ajabu darasani. Nimeupenda.

Godoro nimempandisha dawati la mbele. Nikawaambia wenzake wamwige. Amevimba kichwa kidogo, kwa jinsi alivyoweza kuvimba akiwa macho. Nikamnong'oneza kwamba Jumatano yeye ndiye atakayesimama ubaoni mbele ya Mama Mkaguzi. Akauliza kama ni lazima asimame.

Jumatano, 19 Machi

Niandike polepole. Niandike yote.

Mama Mkaguzi ni mfupi, ana mkoba mkubwa na viatu visivyo na sauti. Alikaa nyuma, ubavuni kwa Giga. Mkuu alisimama mlangoni. Nikaanza vizuri. Nikamwita Godoro. Nikaandika ubaoni, kwa mwandiko wangu wa sherehe: 3 Mm. Nikamwambia abadilishe kuwa mita.

Godoro akaandika 0.003. Nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu.

Mama Mkaguzi akauliza kutoka nyuma, hiyo M ni kubwa au ni ndogo?

Godoro akageuka akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani ziko mbili?"

Akamuuliza amepataje jibu basi. Godoro akasema Mwalimu akiona M husogeza nukta kushoto, na yeye husogeza kushoto. Hajawahi kuona akiisogeza kulia, ila labda alikuwa amelala.

Mama Mkaguzi akaomba kuona karatasi za mtihani. Nikazikusanya kutoka kwa watoto, nikampa. Ningefanyaje? Akazifunua. Sifuri. Sifuri. Nyekundu, nyekundu, halafu bluu. Nikaona uso wake unavyobadilika, nikaona kiti cha kuzunguka kinazunguka na kutoka mlangoni chenyewe. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi.

"Mwalimu," akasema, "mada hii ya viambishi, nani aliwafundisha watoto hawa?"

Nikafikiri haraka. Naomba ieleweke kwamba nilifikiri. Nikasema, "Madam wa kemia. Nilikuwa nimekaukiwa sauti, akanishikia darasa."

Kidole cha dawati la mbele kikapanda. Mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kilipanda chote, mpaka binti akawa amesimama kwa ncha za viatu. "Si kweli, Mwalimu, ni we..."

"Shusha kidole," nikamwambia. "Kaa chini."

Akakaa chini.

Mama Mkaguzi akaniuliza, na mtihani, nani aliutunga? Huo nikaona hauna hatari, mtihani ulikuwa umependeza. Nikasema kwa kifua mbele kwamba niliutunga mimi, nikauchapa kwa vidole vyangu, hakuna aliyeugusa.

Akauinamia mtihani kwa muda mrefu. Akavaa miwani. Akaivua. Kisha akacheka! Akamgeukia Giga akamwonyesha swali la kwanza, akamuuliza kidonge hiki kina uzito gani.

"Tani mia tano, mama," akasema Giga.

"Kidonge?"

"Ndiyo, mama. Na sisi tulishangaa. Lakini ni M kubwa. M kubwa ni mega."

Akasimama, akaanza kuwauliza darasa zima kwa mdomo. Kwa kasi! Mililita hii, megawati ile, kilo ngapi kwenye giga, mikro ngapi kwenye mili. Majibu yakamiminika kutoka kila kona. Nano akajibu mawili mfululizo, sauti yake ndogo lakini haitetemeki. Hakuna aliyekosea. Hata mmoja. Isipokuwa Godoro, aliyekuwa ameshaanza kuinamisha kichwa.

Mama Mkaguzi akasema amezunguka shule nyingi, na hajaona watoto wanaoheshimu herufi kama hawa. Wamejibu kile kilichoandikwa, neno kwa neno. Wote wanastahili alama kamili. Aliyepoteza alama hapa, akasema bila kunitazama, ni mtunga mtihani. Na aliyezipata ni aliyewafundisha.

Akatoka na viatu vyake visivyo na sauti, akavuka ukumbi, akaingia maabara ya kemia akamshika shemeji mkono. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia. Shemeji akakataa. Akasema hapana mama, kuna kosa, mimi nilikaa nao kipindi kimoja tu.

"Kipindi kimoja tu!" akasema Mama Mkaguzi. Akaandika kitu, akakipigia mstari mara mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Mkuu kaniita ofisini. Shemeji alikuwepo tayari, amesimama, mikono kifuani. Alikuwa ameshamwambia kila kitu: kwamba kile kipindi aliwaacha wasome kimya, kwamba herufi zote, kona, ukuta na wimbo ni vya shemeji yake. Kwamba kiti si chake.

Mkuu akanigeukia. Hakuwa mkali. Kama angekuwa mkali ningejua la kufanya. "Mwalimu, sema wewe mwenyewe. Nani aliwafundisha watoto wale?"

Shemeji akanitazama na kunitingishia kichwa kidogo, kama mtu anayemsogezea mwenzake sahani. Sema, shemeji. Sema tu.

Lakini nikisema ni mimi, basi jana nilimdanganya Mama Mkaguzi, mbele ya Mkuu mwenyewe, mlangoni pale. Nikageuza hesabu hii na ile. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga.

"Ni Madam," nikasema.

Shemeji akafumba macho. Sijamwona akichoka namna ile.

Basi. Kiti kimekwenda maabara ya kemia. Nimesaidia kukibeba, gurudumu moja limenikanyaga. Kidato cha pili kapewa mwalimu wa hesabu. Alama zimebadilishwa: darasa lote mia kwa mia, Godoro sifuri. Inasemekana Godoro alifurahi na kuomba arudishiwe dawati la nyuma. Mimi kuanzia Jumatatu ni kidato cha kwanza, vipindi vya alasiri.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Alikuwa anakata kitambaa, hakuinua kichwa. Mkasi ukatembea mpaka mwisho wa kitambaa ndipo akasema.

"Baba, ulikuwa umeshashinda."

Nikamwambia hajui siasa za shule.

"Ulikuwa umeshashinda," akasema tena, "ukaenda ukamkabidhi mwenzako ushindi wako mlangoni, na mwenzako akakurudishia, ukaukataa."

Nikatoka nikaenda kukaa ngazini. Jua lilikuwa kali.

Ijumaa, 21 Machi

Kidole kaja mlangoni kwa chumba cha walimu, katumwa na wenzake. Kasimama amenyooka. Kasema wao wanajua nani aliwafundisha, na hawana kinyongo na zile sifuri, na Giga anauliza kama wanaweza kuja kidato cha kwanza siku moja kuwasaidia wadogo zao na herufi. Nyuma yake kwenye kona ya ukumbi niliwaona wengine wanachungulia, Nano kapanda juu ya ndoo.

Nikamwambia achomekee shati.

Akachomekea. Akasema asante Mwalimu. Akaenda.

Baada ya hapo nimekaa na karatasi nyeupe nikatafakari kwa kina, bila kujionea huruma. Mtu mzima lazima akubali kosa lake. Si kompyuta. Si Mama Mkaguzi. Wala si shemeji, ingawa angeweza kunyamaza. Kosa ni langu, na nimeliona waziwazi, na moyo umetulia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Watoto wale walinisikiliza.

Kidato cha kwanza sitawapa nafasi hiyo.